Kupambana na wadudu wa shambani kwa bakteria na kuvu

Vijidudu vinavyoua wadudu haviui kama sumu za kawaida, na hapo ndipo wakulima wengi wanapokwama. Mtu anapulizia saa 4 asubuhi jua likiwa kali, kesho yake anakuta viwavi bado wanatembea, anakata tamaa na kurudi kwenye sumu. Mara nyingi dawa ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni saa ya kupulizia, umri wa mdudu au maji.

Anza kwa kumtambua mdudu. Kwa viwavi wanaotafuna majani, silaha ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Kwa wanaofyonza utomvu, yaani vidukari, inzi weupe na vithiripi, Bt ya viwavi haisaidii, kwa sababu sharti iliwe pamoja na jani, na hao hawatafuni jani. Hao wafuate kwa kuvu: Beauveria bassiana au Metarhizium anisopliae, ambazo humwingia mdudu kupitia ngozi.

Bt yenyewe ina aina zake, kwa hiyo soma lebo hadi neno la tatu la jina. Kurstaki ni ya viwavi wengi wa mboga. Aizawai kwa kawaida huwamudu viwavijeshi vizuri zaidi. Israelensis ni ya viluwiluwi vya mbu na vijinzi vya kitaluni, na tenebrionis ni ya mabuu ya mbawakavu wachache, akiwemo yule wa viazi. Aliyenunua israelensis kwa ajili ya kabichi amepoteza pesa yake.

Kinachoua ni fuwele za protini zilizomo ndani ya Bt. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, fuwele zinayeyuka kwenye utumbo wake wenye hali ya alkali (kinyume cha asidi) na kutoboa kuta zake. Anaacha kula ndani ya saa chache, lakini kufa ni baada ya siku 2 hadi 5. Kwa hiyo kesho yake usihesabu viwavi walio hai. Angalia kinyesi: kama hakuna punje mbichi za kijani juu ya majani wala matundu mapya, dawa imefanya kazi hata kama kiwavi bado anajikunja ukimgusa.

Alkali hiyohiyo ndiyo sababu ya kupima maji. Yakiwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) inayozidi 8, fuwele huanza kuharibika ndani ya bomba kabla hazijafika kwenye jani. Pima kwa karatasi ya pH, kisha ongeza siki au maji ya limau kidogo kidogo mpaka ufike kati ya 6 na 7. Maji yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha.

Umri wa kiwavi una uzito kuliko kipimo cha dawa. Wapate wakiwa hawajafika sentimita 1. Kwenye mahindi, viwavijeshi wachanga hukwangua jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Ukiona hivyo, pulizia jioni ileile, ukielekeza nozeli kwenye moyo wa mmea. Ukishaona matundu makubwa na kinyesi kingi kama unga wa mbao ndani ya moyo huo, wakubwa wamekwisha kujificha humo na Bt haitawafikia vizuri.

Kipimo fuata cha lebo, lakini usikisie maji. Jaza bomba maji matupu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyotumika. Tuseme ni lita 5, na lebo inataka kilo 1 kwa hekta. Eneo hilo ni sehemu moja ya mia ya hekta, hivyo linahitaji gramu 10, na bomba la lita 20 litachukua gramu 40. Unga usiumwage moja kwa moja ndani ya bomba, kwani utafanya madonge na kuziba nozeli. Ukoroge kwanza kwenye kikombe cha maji uwe uji laini, mimina kwenye bomba lililojaa nusu, kisha ongeza maji. Tikisa mara kwa mara unapopulizia, na umalize mchanganyiko siku hiyohiyo.

Pulizia kuanzia saa 11 jioni. Mwanga wa jua huidhoofisha Bt ndani ya siku chache, na kuvu pia hauvumilii. Mvua nayo huisafisha ikinyesha kabla haijakauka, kwa hiyo rudia baada ya siku 5 hadi 7, au mapema zaidi mvua ikinyesha. Nyuki nao jioni wamekwisha kurudi mzingani, jambo la maana hasa kwa Beauveria. Karibu na wanaofuga nondo wa hariri usitumie kabisa: Bt na Beauveria zote ziligunduliwa kwa sababu ya magonjwa ya viwavi wa hariri, na bado zinawaua.

Kuvu unataka uangalifu zaidi. Spora, yaani chembe ya uzazi ya kuvu, inapotua juu ya mdudu huota kama mbegu, hupenya ngozi na kumla kwa ndani, na kazi hiyo huchukua siku 3 hadi 10. Inahitaji unyevunyevu na joto la wastani, nyuzi 20 hadi 30 hivi. Kwenye ukame mkali utapoteza dawa. Lenga chini ya majani, maana ndiko inzi weupe waliko. Ukitaka uhakika, kusanya wadudu waliokufa, uwaweke kwenye chupa yenye pamba mbichi na uifunike. Baada ya siku chache Beauveria itawavika ukungu mweupe, na Metarhizium ukungu unaogeuka kijani.

Usichanganye kuvu na dawa za ukungu kama mankozebu au za shaba. Zitaua spora zako. Tena osha bomba kwa sabuni na ulisuuze vizuri kabla ya kuanza, kwani mabaki ya dawa ya wiki iliyopita yanatosha kuharibu kazi. Pakiti iweke mahali pakavu penye ubaridi, si chini ya bati. Vaa barakoa na miwani unapochanganya, kwani vumbi la spora huwasha macho na kusumbua kifua.

Kutegemea Bt peke yake msimu hadi msimu kuna gharama. Nondo mgongo wa almasi wa kabichi aliripotiwa kuwa sugu kwa Bt mashambani huko Hawaii mwaka 1990. Badilisha kati ya kurstaki na aizawai, changanya na njia nyingine, na pulizia tu pale ukaguzi unapoonyesha viwavi wachanga.

Wapo wanaozalisha kuvu nyumbani juu ya wali. Inawezekana, lakini bila vyombo vilivyochemshwa vizuri, wali huo huvamiwa na kuvu wengine, wakiwemo Aspergillus wanaotoa sumu ya aflatoksini. Ukiona rangi mchanganyiko, njano, nyeusi au kijani chenye mabaka, usifungue mfuko kuunusa. Uzike.