SOMO: Kupata koloni safi kwenye pleti (soma lote ndipo uulize)

Swali la "mbona koloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho kwenye pleti) zangu zimechanganyika" linarudi kila wiki. Majibu yote haya hapa.

1. Zima feni, funga madirisha. Futa meza kwa spiriti ya asilimia 70, ikauke kabla hujawasha moto.

2. Agari (jeli ya kuoteshea bakteria) iive kwenye otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15. Wenye otoklevu ya jikoni isiyo na kipimajoto: Mwanza tuko takriban mita 1,140 juu ya bahari, hivyo geji ya shinikizo ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba joto halijafika 121. Pandisha hadi 17 kama chombo chako kinaruhusu. Acha mvuke utoke dakika 10 kabla ya kufunga vali. Hewa ikibaki ndani, geji itapanda bila joto kufika.

3. Mimina ikiwa nyuzi 45 hadi 50, mililita 20 kila pleti. Ikiganda, ikaushe, koloni huungana juu ya agari yenye majimaji.

4. Kuchora, yaani kusambaza sampuli kwa mistari. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Choma lupu (waya wenye kitanzi wa kuchotea) mpaka waya wote uwe mwekundu, subiri ipoe, gusa agari pembeni pasipo na kitu. Ikilia "chss", bado ni ya moto na itaua unachokitafuta. Paka sampuli sehemu ya kwanza kati ya nne za pleti. Choma, poza. Vuta kutoka sehemu ya kwanza mara mbili au tatu tu kuingia ya pili, halafu usirudi tena kule. Choma, poza, ingia ya tatu; vivyo hivyo ya nne. ONYO: lupu yenye tone usiitumbukize ghafla motoni, hurusha bakteria hai. Ikaushe kwanza kando ya mwali. Mfuniko uinue upande mmoja tu, usiulaze mezani.

5. Andika chini ya pleti, si mfunikoni. Igeuze juu chini, iweke nyuzi 37, saa 18 hadi 24.

6. Chota koloni moja, chora upya. Rudia tena, kisha piga rangi ya Gram uangalie bakteria kwa hadubini. Pleti inayoonekana safi kwa macho bado si ushahidi.

MASWALI

Mdau wa Buzuruga: Mkuu, yangu imejaa uji mtupu, tatizo nini?
— Ulichoma lupu kati ya sehemu?
Mdau wa Buzuruga: Nilichoma mwanzoni.
— Rudi hatua ya 4.

Mdau wa Ukerewe: Mwalimu, kwenye maji ya ziwa kuna koloni imetambaa pleti nzima, mawimbi kwa mawimbi. Nimechota ya jirani, nayo ikatambaa.
— Umeangalia vizuri sana, dada. Huenda ni Proteus, bakteria anayetambaa. Utando wake mwembamba hufunika majirani, kwa hiyo ulimchota naye. Pandia agari ya MacConkey, chumvi zake za nyongo humzuia kutambaa. Agari ya CLED nayo inafaa.

Mdau wa Ilemela: TCBS, agari ya kuoteshea bakteria wa kipindupindu, niipike otoklevu dakika ngapi?
— Haiingii otoklevu kabisa. Chemsha iyeyuke, poza, mimina. Koloni ya manjano usiipime oksidesi (kipimo cha kimeng'enya cha kutambua bakteria) hapo hapo. Asidi inayotokana na sukari hupotosha jibu. Ihamishie kwanza nyutrienti agari (agari ya kawaida). Na kazi hiyo ni ya maabara yenye kabati la usalama, si ya darasani.

Mdau wa Ukerewe: Pleti zilizotumika tunachoma na taka?
— Zipite otoklevu kwanza, 121, dakika 30, zikiwa kwenye mfuko uliolegezwa mdomo ili mvuke uingie.