Mtaji au uendeshaji? Bajeti ya mashine ya kusaga

Kila unachotaka kununua kipime kwa maswali mawili: kitatumika zaidi ya mwaka mmoja? Bei yake inavuka kiwango ulichojiwekea, tuseme shilingi 500,000? Yote mawili yakiwa ndiyo, ni matumizi ya mtaji: gharama yake huigawa kwa miaka utakayokitumia. Umeme, mishahara, pango, mkanda, chekeche na nyundo za mashine zinazolika ni uendeshaji: gharama yake huihesabu yote mara moja.

Mashine ya 6,000,000 haiingii vitabuni kwa bei hiyo. Ongeza usafiri 300,000, kuifunga na kuijaribu 700,000: jumla 7,000,000. Mafunzo ya msagaji usiyaweke humo. Ukitarajia kuitumia miaka 5 kisha uiuze 1,000,000, uchakavu (sehemu ya gharama unayoihesabu kila mwaka) ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kila mwezi.

Matengenezo ndiyo huwachanganya wengi. Beringi mpya huirudisha mashine kazini tu, basi ni uendeshaji. Mota kubwa inayoongeza magunia kwa saa ni mtaji, na ile ya zamani iondoe kwenye daftari la mali. Ukiyaita matengenezo madogo mtaji, faida itaonekana nono huku droo ya pesa ni tupu. Mkopo je? Riba ni gharama. Kurejesha deni lenyewe si gharama, ingawa fedha zake lazima uzitenge.