Namna ya kujenga na kupima kanuni ya sarufi zalishi kwa sentensi za Kiswahili

Sarufi zalishi, ambayo Noam Chomsky aliiasisi nchini Marekani kwa kitabu chake cha mwaka 1957, humtaka mchunguzi aeleze ujuzi unaomwezesha mzungumzaji kutunga na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Kwa hiyo usianze kwa kukariri kanuni zilizokwisha kuandikwa na wengine. Anza na sentensi chache fupi, uzigawe katika makundi mawili: zile ambazo mzawa wa lugha huzikubali, na zile anazozikataa, ambazo kwa desturi hutangulizwa kinyota.

Kitabu cha wanafunzi kimepotea.
*Kitabu cha wanafunzi wamepotea.

Kundi la pili ndilo lenye manufaa zaidi, ingawa wanaoanza somo hili hulipuuza, kwa sababu sentensi sahihi huweza kuafikiana na kanuni kadhaa kwa wakati mmoja, zikiwamo kanuni za uongo, ilhali sentensi iliyokataliwa huziangusha.

Hatua inayofuata ni kutambua virai, yaani mafungu ya maneno yanayofanya kazi pamoja kama kitu kimoja. Fungu la maneno "kitabu cha wanafunzi" laweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa neno moja, "hicho", na sentensi ikabaki salama. Hilo ni kirai nomino. Andika kanuni za muundo, ukitia kwenye mabano kile kisicho cha lazima (S ni sentensi, KN kirai nomino, KT kirai kitenzi, KH kirai kihusishi kama "cha wanafunzi"; N, T na H ni nomino, kitenzi na kihusishi; mshale husomwa "huundwa na"):

S → KN + KT
KN → N + (KH)
KH → H + KN
KT → T + (KN)

Tazama kwamba kirai nomino kina kirai kihusishi ndani yake, nacho kirai kihusishi kina kirai nomino kingine. Kwa mzunguko huo mdogo tunapata "kitabu cha rafiki wa mwalimu wa Amina", na hakuna mahali ambapo sarufi yenyewe inatulazimisha kukoma. Kanuni nne tu zimezaa virai visivyo na idadi, jambo ambalo orodha ya sentensi, hata ikiwa ndefu namna gani, haiwezi kulifanya.

Sasa ipime sarufi yako kwa kuitafutia makosa. Tuseme umependekeza kwamba kitenzi hupatana na nomino iliyo karibu nacho zaidi. Kanuni hiyo inafaa kwa "Kitabu kimepotea", lakini pia inazalisha ile sentensi yenye kinyota hapo juu, maana jirani wa kitenzi ni "wanafunzi". Chora matawi yake, yaani mchoro unaoonyesha kirai kipi kimo ndani ya kipi: "wanafunzi" imo ndani ya kirai kihusishi, na nomino kuu ya kirai kilichoshikana moja kwa moja na S ni "kitabu". Upatanisho, basi, hufuata muundo wa matawi na si ukaribu wa maneno. Iwapo utamsikia mtu akisema "wamepotea" katika maongezi ya haraka, usiibomoe kanuni papo hapo. Mrudishie sentensi hiyo naye huenda akaisahihisha mwenyewe. Chomsky alilifafanua jambo hili mwaka 1965 alipotenganisha umilisi, yaani ujuzi wa lugha, na utendaji, yaani matumizi yake.

Matawi hufichua utata pia. Katika "Nimemwona mke wa mwalimu aliyehama", kishazi rejeshi "aliyehama" chaweza kuning'inia kwenye "mke" au kwenye "mwalimu", na kila mchoro una maana yake. Badilisha "mke wa" kuwa "kitabu cha", na "nimemwona" kuwa "nimekiona", utata unatoweka: "aliyehama" sasa ni mwalimu tu.

Mwishoni ijaribu kanuni ya upatanisho kwa nomino zinazokaidi. "Kiboko" ina kiambishi ki-, lakini tunasema "Kiboko mkubwa amekufa", wala si "kimekufa". Kanuni inayoangalia umbo la nomino pekee haitoshi. Iongezee sifa ya uhai, kisha uipime upya kwa "kifaranga", "kipofu" na "kinyonga", katika umoja na wingi.