Namna ya Kusahihisha Uhakiki wa Makala ya Uchumi: Mfano wa Dawa za Minyoo Busia

Mhadhiri wa uchumi anapowapa wanafunzi kazi ya kuhakiki makala ya jarida la kitaaluma, anapima jambo ambalo mtihani wa kawaida haulifikii, yaani uwezo wa kupima dai kwa ushahidi uliotolewa kulithibitisha. Ugumu wa usahihishaji unatokana na wepesi wa kuiga lugha ya ukosoaji. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kwamba sampuli ni ndogo, kwamba matokeo hayafai kwa nchi nyingine na kwamba utafiti zaidi unahitajika, anaweza kujaza kurasa kadhaa bila kuifungua makala yenyewe, na msahihishaji asiyeijua makala hiyo kwa undani atampa alama nzuri.

Kwa hiyo kazi huanza kabla karatasi hazijakusanywa. Isome makala upya pamoja na majedwali yake, kisha andika dai kuu ni lipi, data zimetoka wapi, nani analinganishwa na nani, na ni udhaifu upi ambao waandishi wenyewe wameukiri. Nitatumia makala ya Edward Miguel na Michael Kremer kuhusu dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, Kenya, iliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica, kwa sababu hufundishwa sana na imepingwa hadharani na wasomi wengine. Shule 75 ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25: kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu lilisubiri hadi mwaka 2001. Waandishi walieleza kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopata dawa, kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua katika mazingira yao, na kwamba alama za mitihani hazikubadilika.

Muhtasari wa mwanafunzi usikuchukulie muda mrefu. Unatafuta usahihi tu, na katika alama 20 mimi huutengea 4. Hata hivyo, anayeandika kwamba dawa ziliinua ufaulu darasani hajakosea jambo dogo, kwa sababu ameipa makala dai ambalo waandishi walilikanusha wenyewe, na hoja zote atakazojenga juu ya dai hilo zitakosa msingi.

Alama nyingi, angalau 10, ziende kwenye hoja za uhakiki, na hapa ndipo pa kusoma polepole. Tuseme mwanafunzi ameandika hivi: “Takwimu za mahudhurio haziaminiki kwa sababu walimu hujaza rejista wapendavyo.” Sentensi hiyo inagusa tatizo la kweli katika shule nyingi, na msahihishaji mchovu ataiwekea tiki. Lakini makala hii haikutegemea rejista; watafiti waliwatuma watu waliofika shuleni bila taarifa na kuhesabu wanafunzi waliokuwapo. Hoja hiyo haistahili alama, na pembeni mwelekeze mwanafunzi kwenye sehemu ya makala inayomjibu.

Mwingine anaandika kwamba shule zilizopata dawa zilipewa pia mafunzo ya afya, hivyo haijulikani kama ni dawa au ni mafunzo yaliyopunguza utoro. Huyu amesoma, naye apewe sehemu ya alama. Wa tatu anakwenda mbele zaidi: anaona kwamba waandishi walichunguza kama watoto walibadili mienendo yao, kwa mfano kuvaa viatu, na hawakuona mabadiliko, kisha anauliza kama vipimo hivyo vinatosha kufuta shaka hiyo. Apewe alama zote za hoja hiyo, hata kama wewe huafikiani naye, kwa sababu amelifikisha swali mahali ambapo waandishi waliliachia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: je, mwanafunzi anaeleza udhaifu alioutaja unayasukuma matokeo upande gani? Chukua suala la watoto wasiomeza dawa ambao walinufaika kupitia wenzao. Mwanafunzi anaweza kusema kwamba kundi linganishi, yaani wale ambao hawakupewa dawa, liliguswa na dawa, kwa hiyo matokeo yametiwa chumvi. Tatizo ameliona, ila mwelekeo ameugeuza. Kundi linganishi likinufaika, tofauti kati yake na waliopewa dawa hupungua, na faida huonekana ndogo kuliko ilivyo. Hiyo ndiyo hoja kuu ya Miguel na Kremer dhidi ya tafiti zilizogawa dawa kwa mtoto mmojammoja ndani ya shule ileile. Mpe nusu, umwandikie sababu. Vivyo hivyo kwa ukubwa wa sampuli: wanafunzi katika utafiti huu walizidi 30,000, lakini iliyopangiwa kundi ni shule, si mtoto, hivyo uhakika wa kitakwimu unategemea zaidi zile shule 75. Anayeliona hilo ameelewa uchumi wa kitakwimu kweli.

Baadhi wataleta mjadala wa mwaka 2015, pale International Journal of Epidemiology ilipochapisha uchambuzi mpya wa data hizohizo. Uchambuzi huo ulionyesha kosa la ukokotoaji lililogusa makadirio ya faida kwa shule zilizo mbali na zile zilizopata dawa; waandishi walilikubali kosa hilo, lakini wakashikilia kwamba matokeo yao makuu yamesimama. Kuutaja mjadala peke yake kusiongeze alama. Mwanafunzi aseme ni tokeo lipi linadhoofika, lipi linabaki, na kwa nini anafikia uamuzi huo.

Jihadhari pia na kuzawadia ukali. Mwanafunzi aliyeshawishika na makala, akaonyesha kwa nini ushahidi wake ni imara na mpaka wake uko wapi, anastahili alama sawa na aliyeipinga. Lugha iwekee alama 2 na si zaidi. Wanafunzi wetu wengi huandika kazi hizi kwa Kiingereza, ambacho si lugha yao ya kwanza, na si haki kosa la sarufi limpunguzie mtu alama za hoja. Zilizobaki ziende kwenye maelezo ya mbinu na mpangilio wa kazi.

Kabla ya kuandika alama yoyote, soma karatasi chache za mwanzo kwa penseli, kwani mara nyingi utagundua hoja halali ambayo mwongozo wako wa usahihishaji haukuitarajia. Iongeze kwenye mwongozo, kisha anza upya na karatasi ya kwanza. Zile zinazoangukia kwenye mpaka wa kufaulu na kufeli mpe mwenzako azisome pamoja na makala yenyewe, bila kumwonyesha alama uliyoiweka.