Mti mwembamba si lazima uwe mchanga: kagua misonobari yako kabla ya kupunguza

Ukiingia kwenye msitu mchanga wa misonobari uliojiotea wenyewe, macho hukudanganya. Mwembamba unauita mtoto, mnene unauita mkubwa wake. Kata miwili chini kabisa, usawa wa udongo, uhesabu pete za kisiki, kila pete mwaka mmoja. Usishangae ule wa unene wa kidole gumba ukiwa na pete 11, sawasawa na jirani yake mnene kama kifundo cha mkono. Iliota msimu mmoja. Mmoja ukawahi mwanga, mwingine ukafunikwa. (Ukihesabu kwenye urefu wa kifua, mita 1.3, miaka ambayo mche ulitumia kufika hapo inakupotea, na kwa mti uliodumaa si michache.)

Umri hufuata mbegu zilikotoka. Shamba lililoachwa huanza kuvamiwa kutoka ukingoni, penye miti mama, kwa hiyo miti mizee huwa huko na michanga mbele zaidi. Baada ya moto mambo hubadilika. Pinus contorta, aina mojawapo ya msonobari (Pinus), kwa mfano, wengi wao hufunga koni kwa utomvu mpaka joto lizifungue, kisha mbegu humwagika kwa pamoja. Moto wa mwaka 1988 huko Yellowstone, Marekani, uliacha maotea ya karibu rika moja, lakini sehemu nyingine yalibanana kama nywele na nyingine yalikuwa ya kuhesabika.

Ndiyo maana wastani wa shamba zima siuamini. Chukua kamba ya mita 5.64, funga ncha moja kwenye kigingi, zunguka nayo: umepata mita za mraba 100. Miti utakayohesabu ndani, zidisha kwa 100, ndiyo idadi kwa hekta. Duara moja likitoa miti 40 na jingine 2, wastani ni 2,100 kwa hekta, idadi ambayo haipo popote shambani mwako. Chora ramani ya mkono, hata mbovu, ionyeshe mafungu na mapengo.

Kisha punguza kwa kufuata ramani hiyo. Kukata kila mti wa tatu ni uvivu. Ndani ya fungu, bakiza wenye taji (matawi na majani ya juu) pana na la kijani. Pembeni mwa pengo, hata uliopinda kidogo uache. Mwembamba uliofunikwa miaka mingi usiutegemee kama ni Pinus apendaye jua. Abies na Picea, jamaa wa msonobari, huvumilia kivuli na mara nyingi huchangamka wakifunguliwa.

Mafungu yaliyobanana sana yanataka subira. Mti wa mita 10 wenye kipenyo cha sentimita 10 umekuwa ukiegemea wenzake. Ukiwaondoa wote kwa mkupuo, upepo utaulaza. Toa wachache sasa, uliobaki unenepe, urudi tena baada ya miaka michache.