Somo: Kupachika dhahabu kwenye zeolaiti ya titani (TS-1)

Kichocheo hiki, yaani dhahabu juu ya TS-1 (fuwele ya silika yenye vitundu vidogo sana na titani ndani yake), kina kazi mbili. Dhahabu huunganisha hidrojeni na oksijeni kuwa peroksaidi ya hidrojeni, na titani iliyo jirani huidaka na kuipa propilini atomu moja ya oksijeni. Hutoka propilini oksaidi na maji, bila klorini.

1. Choma TS-1 hewani kwa nyuzi 550 za Selsiasi, saa 6, ukipandisha joto polepole. Ipime kwa urujuanimno: kilele cha nanomita 210 ni titani iliyokaa vizuri, bega la 330 ni anatase (titani oksaidi iliyojitenga), nayo hula peroksaidi bure. Unga wenye bega hilo weka kando.

2. Yeyusha gramu 0.1 ya HAuCl4 (asidi ya dhahabu na kloridi) yenye maji ya fuwele katika mililita 50 za maji safi. Tia gramu 1 ya TS-1, kisha sodiamu kaboneti kidogo kidogo hadi pH 7. Koroga saa 9 gizani. Dhahabu nyingi itabaki majini. Ndivyo ilivyo, uso wa TS-1 ni hasi na unaisukuma.

3. Chuja, osha, kausha kwenye ombwe bila joto. Hapa ndipo wengi huharibu: kloridi ikibaki, chembe za dhahabu hujikusanya zikipata moto. Pima maji ya kuoshea kwa nitrati ya fedha, ila tangulia kutia asidi ya nitriki, la sivyo kaboneti itakudanganya.

4. Jaribu kwa nyuzi 200: propilini, hidrojeni na oksijeni asilimia 10 kila moja, nitrojeni 70, mililita 7000 kwa kila gramu ya kichocheo kwa saa. Ichukulie kuwa gesi ya kulipuka: mrija mwembamba, ngao, vizuia moto.

Maswali ya wanachama

Sina kaboneti. Nitumie amonia?
Hapana kabisa. Amonia na dhahabu huzaa kiwanja kinacholipuka kikikauka, hata kwa kuguswa.

Unga wangu umekuwa zambarau kabla ya kuingia kwenye riakta.
Chembe zimeshakuwa kubwa. Angalia mwanga na uoshaji, huwezi kuzirudisha.

Je, paladi badala ya dhahabu?
Kwenye methanoli, sawa, lakini sehemu ya propilini itageuka propani, na methanoli itafungua pete ya oksaidi. Kwenye gesi, paladi hupendelea propani.

Napata propanali nyingi.
Asidi kwenye kichocheo hugeuza propilini oksaidi kuwa propanali. Tafuta chanzo chake: mara nyingi ni alumini iliyoingia na silika chafu.