Ubao na raba: nunua kwa ajili ya mkono wako, wa Ma Long muachie mwenyewe

Unakuta mtu kaanza tebo tenisi juzi tu, kaingia YouTube kamwona bingwa wa China Ma Long anavyochapa forhendi, basi anatafuta ubao (ile mbao ya raketi) wa kaboni na raba (ile inayobandikwa juu ya ubao) ya Hurricane 3 kama ya Ma Long, hela ndefu inamtoka halafu mpira hauingii mezani. Vifaa vyenyewe vizuri sana ila vinataka mtu anayeshinda mazoezini kutwa. We kabla hujalipa jiulize kwanza, pointi zako huwa unazipata vipi? Kwa kushambulia, kwa kuzuia mpaka mwenzio achoke, au kwa kumchanganya na spini, yaani mzunguko wa mpira?

Anza na ubao maana raba utabadilisha mara nyingi ila ubao unakaa nao miaka. Sheria inataka angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mbao asilia, kwa hiyo hata huo unaoitwa wa kaboni ni mbao yenye utando mwembamba wa kaboni katikati. Kama bado unajenga mkono chukua wa tabaka 5 za mbao tupu, daraja la allround (la mchezo wa kila aina), mfano Stiga Allround Classic au Yasaka Sweden Extra. Sababu yake ni hii, ukipiga mpira unausikia mtetemo mpaka kwenye kiganja, unajua kabisa huu umegusa katikati na huu umegusa pembeni, na bila hiyo taarifa mkono haujifunzi. Tabaka 7 kama Stiga Clipper ni za mtu anayesimama karibu na meza anapiga flati, bila spini nyingi, kwa nguvu. Kaboni, tuseme Butterfly Viscaria, inatoa mpira haraka na hata ukigusa pembeni kidogo bado unaenda, lakini shuti ndogo za juu ya neti zinakuwa ngumu kuzituliza. Mi naona mtu asiiguse mpaka topspini yake (shuti ya kuuzungusha mpira kwenda mbele) iwe inaingia yenyewe bila kuiwaza.

Uzito nao usiudharau. Ubao wa gramu 85 ukiweka raba mbili unafika kama 180 hivi, ukizidi sana hapo kifundo cha mkono kitakwambia.

Sasa raba, hapa ndo penye utamu. Zipo za kunata za Kichina kama hiyo Hurricane 3, ikiwa mpya bonyeza mpira juu yake kidogo halafu inua, unaweza kuona mpira umening'inia kabla haujadondoka. Zinatoa spini kali kwenye sevu na pushi (kuusukuma mpira kwa spini ya chini), ila sponji yake, lile tabaka la chini ya raba, ni ngumu na haikusaidii chochote, usipozungusha kiuno na miguu mpira unaishia kwenye neti. Zipo za Kijapani na Kijerumani zenye kurusha mpira mbele kama springi, Tenergy 05, Rakza 7, hizi hata ukizungusha mkono kidogo tu mpira unaruka, ubaya wake zinaisikia sana spini ya mpinzani na mipira ya kupokea sevu inapanda juu. Katikati hapo kuna Yasaka Mark V, ipo sokoni tangu 1969 na mpaka leo ndo ningempa anayejifunza, pande zote mbili, sponji ya milimita 1.8 au 2.0. Sponji nene ni spidi, nyembamba ni kontroo, na raba nzima pamoja na gundi isizidi milimita 4.

Halafu namba za ugumu wa sponji zinadanganya watu, 40 ya DHS (kampuni ya Kichina inayotengeneza Hurricane 3) ni ngumu kuliko 40 ya Mjerumani, vipimo ni tofauti. Wengi wanaweka ngumu forhendi na laini bekhendi, ni mpango mzuri tu kwa sababu swingi ya bekhendi ni fupi.

Kama we ni mtu wa kuzuia kwa mbali, angalia raba za vipele virefu, zile zenye vijinundu vinavyotazama nje. Topspini inayokuja inarudi na spini ya chini bila wewe kufanya mengi, na Joo Se-hyuk wa Korea Kusini alifika nazo fainali ya dunia 2003, ila kumbuka forhendi yake ilikuwa raba ya kawaida na alikuwa anashambulia kwelikweli. Vipele vifupi ni vya kupiga haraka mezani.

Ukitaka kucheza mashindano hakikisha raba ina alama ya ITTF (shirikisho la dunia la mchezo huu) na upande mmoja ni mweusi, wa pili tangu 2021 unaruhusiwa hata bluu au pinki. Tumia gundi ya maji. Mkicheza nje au kwenye sakafu ya vumbi futa raba kwa sponji yenye maji kila mkimaliza, ukauke, funika na plastiki, na usiache raketi kwenye gari juani. Ukiona katikati panang'aa na mpira unateleza, raba hiyo imekwisha, badilisha hiyo tu kwanza, ubao uache ulivyo ili ujue kabisa mabadiliko yametoka wapi.